Mfugaji na Damu ya Mbwa Wake

Wako watu wadhanio kwamba habari za mbwa si habari za dhamiri. Mbwa hula makombo, hulala uani, hubweka usiku, na akifa hutupwa. Dhambi iko wapi hapo? Lakini mtu amlishaye mnyama, achaguaye dume la kumpanda, na auzaye watoto wake, amekwisha kushika mamlaka juu ya viumbe visivyoweza kujitetea. Na penye mamlaka pana hesabu ya kutolewa.

Swali lenyewe ni hili: Je, mfugaji ana wajibu wa kujua kama mbwa wake ana ugonjwa wa kurithi kabla ya kumzalisha? Na akiisha kujua, imempasa kufanya nini? Swali hili laonekana dogo, kumbe ndani yake yamo maswali makubwa: juu ya ukweli, juu ya huruma, na juu ya tofauti iliyopo kati ya mnyama na mtu.

1. MBWA WA RUMANGABO

Kilometa 40 hivi kaskazini ya mji wa Goma, kwenye barabara iendayo Rutshuru, ndipo palipo Rumangabo, makao ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Walinzi wa hifadhi hiyo wameona taabu nyingi. Zaidi ya 200 kati yao wamekufa kazini. Mwaka 2011 kilianzishwa hapo kikosi cha mbwa wa kunusa, kwa msaada wa daktari wa mifugo wa Uswisi, Marlene Zähner. Mbwa hao hufundishwa kufuata harufu ya majangili waliowaua tembo, au harufu ya mtu aliyepotea msituni.

Ukoo wa mbwa wa kwanza wa kikosi hicho huitwa na Wabelgiji mbwa wa Mtakatifu Hubert. Hubert alikuwa askofu wa Liège, akafa mwaka 727, naye huheshimiwa kuwa msimamizi wa wawindaji. Mapokeo ya Ubelgiji husimulia kwamba wamonaki wa abasia yenye jina lake, katika misitu ya Ardennes, waliwafuga mbwa hao karne nyingi. Ni mbwa mkubwa, mwenye masikio marefu yaning'iniayo, na ngozi ya uso yenye mikunjo mingi. Pua yake ni ya ajabu; aweza kufuata njia ya mtu ambayo imekwisha kupoa.

Lakini ukoo huo una huzuni zake. Kope za wengine hugeuka ndani au nje, na macho huuma. Wengine nyonga zao hazikai vema katika tundu lake, wakachechemea wangali vijana. Wengine tumbo hujaa hewa likajipinda, nao hufa kwa saa chache wasipopasuliwa. Kwa kawaida maisha yao ni mafupi kuliko ya mbwa wa koo nyingi nyingine. Mambo hayo yalitoka wapi? Vizazi kwa vizazi watu walichagua pua nzuri, masikio marefu na ngozi iliyolegea, na pamoja na sifa walizozitaka zikaingia kasoro wasizozitaka. Achaguaye jando moja la mti hubeba na majani yake yote.

Hapa yafaa kutofautisha. Ugonjwa wa kuambukizwa ni mwingine, na ugonjwa wa kurithi ni mwingine. Mbwa aumwaye na kupe au mbung'o huugua kwa jambo lililomjia kutoka nje. Kichaa cha mbwa vilevile huletwa kwa meno ya mnyama mgonjwa, wala hakirithiwi. Lakini ugonjwa wa kurithi mbwa huzaliwa nao. Umo ndani ya damu ya wazazi wake hata kama wazazi wenyewe waonekana wazima kabisa. Na hilo ndilo linaloufanya uwe jambo la dhamiri.

2. JINSI KASORO INAVYOJIFICHA

Wa kwanza kueleza vizuri namna sifa zinavyorithiwa alikuwa padri mmoja Mwaugustino, Gregor Mendel, wa monasteri ya Brno, mji ulioko leo katika Jamhuri ya Cheki. Tangu mwaka 1856 hata mwaka 1863 alipanda njegere bustanini, akizihesabu kwa uvumilivu mbegu laini na mbegu zenye mikunjo, maua meupe na maua ya zambarau. Mwaka 1866 alichapisha matokeo yake. Alikuwa ameona jambo la kustaajabisha: sifa yaweza kupotea kabisa katika kizazi kimoja, kisha ikatokea tena katika kizazi kinachofuata. Kumbe haikupotea, ilijificha.

Maana yake ni hii. Kila mnyama hupokea mafungu mawili ya urithi: moja kwa baba, moja kwa mama. Magonjwa mengi ya kurithi hayatokei ila mafungu yote mawili yakiwa na kasoro ileile. Mbwa mwenye fungu moja zima na moja bovu huishi salama. Hukimbia, huwinda, hulinda nyumba. Lakini yeye ni mchukuzi. Akipandishwa na mbwa asiye na kasoro hiyo, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa nusu yao kwa kadiri watakuwa wachukuzi. Akipandishwa na mchukuzi mwenzake, basi kwa kadiri katika watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa, wawili wachukuzi, na mmoja mzima kabisa.

Kwa hiyo macho hayatoshi. Mfugaji aweza kuwatazama mbwa wawili wenye afya, wenye manyoya yang'aayo, asijue kwamba anapanda ugonjwa. Ndiyo maana wataalamu wametafuta njia za kupima. Nyonga hupigwa picha ya eksirei. Chama kimoja cha Marekani kimeziandika hesabu za nyonga za mbwa tangu mwaka 1966, wala hakitoi cheti kwa mbwa asiyetimiza miaka miwili. Macho huchunguzwa na daktari. Na kwa magonjwa mengine chembe zenyewe za urithi husomwa: kijiti cha pamba hupitishwa ndani ya shavu la mbwa, kisha hupelekwa maabara.

Hata hivyo vipimo si vyote sawa. Kipimo cha chembe za urithi huonyesha wazi mambo ya kasoro moja. Nyonga haziko hivyo: hutegemea damu, na pia chakula, uzito, na jinsi mbwa alivyokua. Mbwa mwenye picha nzuri aweza bado kuzaa mtoto mwenye nyonga dhaifu. Kipimo hupunguza hatari, hakiiondoi yote. Mwenye hekima hutumia alichokijua, wala hajisifii kujua kila kitu.

3. MBWA WA KONGO ALIYEKWENDA NG'AMBO

Mfano ulio bora wa mambo haya haukutoka Ulaya. Ulitoka Kongo hii hii.

Katika misitu ya Kongo watu huwinda pamoja na mbwa mdogo, mwembamba, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni. Habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue yuko wapi. Wazungu walimwita Basenji, neno la Kilingala lenye maana ya watu wa porini. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja neno ndugu yake, washenzi. Hivyo mbwa huyo alichukua jina la dharau waliloitwa mabwana zake.

Katika miaka ya 1930 mbwa wachache wa namna hiyo walifikishwa Uingereza, wakaishi na kuzaa. Baadaye walifika Marekani pia. Watu waliwapenda sana. Lakini ukoo mzima wa ng'ambo ulitoka katika mbwa wachache mno, na kwa muda mrefu daftari la ukoo halikukubali damu ya nje. Ndugu walizalishwa na ndugu wa karibu. Basi kasoro zilizokuwa zimejificha zikaanza kukutana.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa damu. Chembe nyekundu zilivunjika kabla ya wakati. Mtoto wa mbwa alichoka upesi, ufizi wake ukageuka mweupe, akafa angali kijana. Wafugaji wakapata kipimo cha kuwatambua wachukuzi, wakawaondoa wachukuzi hao katika uzazi kwa bidii kubwa. Ugonjwa ukapungua sana. Lakini walipowatupa wachukuzi wote pamoja, ukoo uliokuwa mwembamba ukawa mwembamba zaidi. Ndipo ugonjwa wa pili ukazidi kuonekana, uitwao ugonjwa wa Fanconi, ambao huharibu figo. Sukari na chumvi za mwili humwagika katika mkojo. Mbwa hunywa maji bila kukoma, hukonda, na asipotunzwa hufa. Na ubaya wake mkubwa ni huu: mara nyingi hutokea mbwa akiwa na miaka 4 hata 8, yaani akiisha kuzaa mara nyingi na watoto wake kutawanyika.

Ikawaje? Mwaka 1987 na mwaka 1988 wafugaji kutoka Marekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki ya nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, wakatafuta mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 daftari la ukoo huko Marekani lilifunguliwa, na mbwa 14 wapya wakaandikwa ndani yake. Mbwa waliokuwa wakizunguka jikoni kwa wanakijiji, wasio na cheti wala jina la ukoo, wakaingizwa ili kuongeza nguvu katika damu ya mbwa wa fahari. Kisha, mwaka 2007, Profesa Gary Johnson wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzake wakatoa kipimo cha kwanza cha chembe za urithi kwa ugonjwa wa Fanconi, na mwaka 2011 kikapatikana kipimo cha kasoro yenyewe.

Tangu hapo mfugaji hakuhitaji tena kuwatupa wachukuzi wote. Aliweza kumpandisha mchukuzi mwema na mbwa asiye na kasoro, akijua kwa hakika kwamba hakuna mtoto atakayeugua, na kizazi kinachofuata akachagua watoto wazima. Yafaa jambo hili likumbukwe. Ujinga uliwafanya watu wawe wakali: kwa kuwa hawakujua la kufanya, walikata mti mzima. Ujuzi uliwapa nafasi ya kuwa wapole. Na waliotafuta usafi peke yake, kila chenye doa kitupwe, waliupata udhaifu.

4. KISA CHA DHAMIRI

Chukua mfano. Mtu mmoja wa kijijini, upande wa Rutshuru, ana mbwa jike wa namna ya mbwa mkubwa wa Ulaya. Jike huyo amechechemea tangu ujana wake, na watoto wawili wa uzao wa kwanza walichechemea vilevile. Sasa amezaa tena. Mfanyabiashara wa Goma afika, kwa maana wezi wamemsumbua na anataka mbwa wa kulinda ua. Aona kitoto kinene, kizuri. Auliza:

«Mzee, wazazi wa kitoto hiki ni wazima?»

«Wazima, mwanangu. Tazama kinavyocheza.»

Mzee hakuongopa juu ya kitoto, kinacheza kweli. Lakini ameongopa juu ya mama yake, na kwa uongo huo amepokea fedha. Baada ya mwaka mmoja mbwa hawezi kusimama. Mfanyabiashara amepoteza fedha zake, mbwa yuko katika maumivu, na mzee asema, «Ni bahati mbaya.»

Je, ni bahati? Auzaye mbuzi mgonjwa akificha ugonjwa wake, kila mtu ajua kwamba ameiba kwa njia ya ulimi. Auzaye kitoto cha mbwa akificha kasoro ya wazazi amefanya jambo lilelile, tofauti ni kwamba ugonjwa bado haujaonekana. Amri ikatazayo kuiba na amri ikatazayo uongo zote mbili zamgusa. Tena amefanya kosa la tatu: amemleta duniani, kwa kujua, mnyama wa kuteseka, ili yeye apate faida. Mafundisho ya Kanisa husema waziwazi kwamba mtu aruhusiwa kuwatumia wanyama kwa chakula, kazi na ulinzi, lakini kuwatesa bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Naye asiyejua je? Asiyejua hana hatia ya uongo. Lakini aliyeona dalili akakataa kuuliza, kwa kuogopa jibu litakalompunguzia bei, huyo ujinga wake ameuchagua mwenyewe, nao haumfunikii kosa.

5. MAJIBU KWA WENYE KUPINGA

Wengine husema: «Watoto wa watu hulala njaa, na wakimbizi hawana pa kulala. Ni aibu kutaja damu ya mbwa.» Neno hili lina ukweli ndani yake. Mtu hutangulia mnyama daima, na franka moja ya dawa ya mtoto haitakiwi kwenda kwenye kipimo cha mbwa. Lakini kusema kweli hakugharimu franka. Kutompandisha jike anayechechemea hakugharimu kitu. Tena mlinzi aingiaye msituni nyuma ya mbwa wake ameweka uhai wake juu ya afya ya mbwa huyo. Mnyama akianguka njiani, mtu ndiye abakiye hatarini.

Wengine husema: «Ugonjwa ni mapenzi ya Mungu. Kupima ni kupeleleza siri zake.» Lakini kipimo hakiumbi ugonjwa, hufunua uliopo. Mkulima huchagua mbegu nzuri za mahindi akaziweka juu ya moshi wa jiko, wala hakuna amwambiaye kwamba ampinga Muumba. Akili iliyohesabu njegere katika bustani ya Brno ilikuwa zawadi ileile.

6. MPAKA USIOVUKWA

Wako na wengine, nao ndio wa hatari kuliko wote, wasemao: «Ikiwa ni vema kwa mbwa, basi ni vema kwa watu. Wenye damu mbaya wasioe, wala wasizae.»

Hapa lazima kusimama. Ni kweli kwamba sheria za urithi alizoziona Mendel zafanya kazi katika mtu pia. Katika Kongo uko ugonjwa wa selimundu, uitwao na waganga wa hospitali drepanositozi. Mtoto mwenye ugonjwa huo huumwa mifupa, hupungukiwa damu, macho huwa manjano. Wazazi wake mara nyingi ni wachukuzi wazima, kila mmoja na fungu moja lenye kasoro. Mahali pengi mama husingiziwa kwamba ana damu ya laana, au mtoto mwenyewe huitwa mchawi. Ni uongo mchungu. Fungu moja lilitoka kwa baba na moja kwa mama, wala hapana mmoja aliyefanya kosa.

Lakini ulinganifu waishia hapo. Mbwa huzalishwa kwa ajili ya kazi: kunusa, kuwinda, kulinda. Asiyefaa kwa kuzaa huachwa asizae, wala haki yake haikuvunjwa, maadamu analishwa na kutunzwa. Mtu hazaliwi kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine, wala thamani yake haipimwi kwa damu yake. Mwaka 1930 Papa Pius wa Kumi na Moja, katika waraka wake Casti connubii, aliwakatalia watawala haki ya kuwazuia watu wasio na hatia wasizae. Mwaka 1933 serikali ya Ujerumani ilitunga sheria ya namna hiyo, na watu wapatao 400,000 walikatwa uzazi kwa nguvu. Miaka michache baadaye walioitwa wasiofaa walianza kuuawa. Huko ndiko kunakofika watu wakiingizwa katika daftari la mifugo.

Basi wachumba wawili wakipenda kupimwa damu kabla ya ndoa, wafanya vema, ili waamue kwa hiari na kwa kujua, na ili mtoto akizaliwa mgonjwa atibiwe mapema. Ujuzi ni wao. Hapana mwenye ruhusa ya kuugeuza kuwa fimbo. Na mtoto mgonjwa aliyekwisha kuzaliwa si uzao ulioharibika. Ni mwana wa nyumba, sawa na ndugu zake.

7. YAWEZEKANAYO KIJIJINI

Mfugaji wa kijijini hana maabara. Hata hivyo ana macho, kumbukumbu na ulimi. Kwanza, awachanje mbwa wake dhidi ya kichaa, tangu umri wa miezi mitatu, kwa maana ugonjwa huo huua watu. Pili, asimpandishe mbwa na ndugu yake, wala na mzazi wake. Tatu, asimzalishe mbwa mwenye kuchechemea bila jeraha, mwenye kifafa, au aliyezaa watoto wenye kasoro ileile zaidi ya mara moja. Nne, amngoje mbwa akomae, kwa maana kasoro nyingine huchelewa. Tano, amwambie mnunuzi yote ayajuayo, mema na mabaya. Na akiwa na uwezo wa kumfikia daktari wa mifugo mjini, amwulize.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Mbwa mchukuzi ni mbwa gani?
Jibu: Ni mbwa mzima mwenye fungu moja la urithi lenye kasoro, awezaye kuwapa watoto wake kasoro hiyo.

Swali: Je, mchukuzi lazima atupwe?
Jibu: La. Akipandishwa na mbwa asiye na kasoro hiyo, hapana mtoto atakayeugua.

Swali: Auzaye kitoto cha mbwa akificha ugonjwa wa wazazi amekosa nini?
Jibu: Amemwibia mnunuzi kwa uongo, naye ameleta mateso ya mnyama kwa faida yake.

Swali: Je, yafaa kuwatenga watu kwa damu yao, kama mfugaji awatengavyo mbwa?
Jibu: Haifai kamwe. Mbwa hupimwa ili kujua kama afaa kuzalishwa. Mtu hupimwa ili asaidiwe.